Kondomu ya Kike na Pete ya Ukeni kwa Mizani ya Mwanamke Anayezitumia

Bidhaa ya kujikinga na magonjwa ya zinaa haitoshi kupimwa maabara peke yake. Inaweza kuwa imara, ikajazwa maji na kuvutwa bila kupasuka, ikapata kibali cha kila mamlaka, na bado ikalala kabatini mpaka muda wake upite kwa sababu mwanamke aliyepewa hakuona namna ya kuipatia nafasi katika maisha yake. Katika tathmini hii nimeichukua kondomu ya kike, hasa ile inayojulikana kama FC2 ambayo imeenea kuliko nyingine, nikaiweka sambamba na pete ya ukeni yenye dapivirini, dawa ya kuzuia VVU, na nimezipima zote mbili kwa swali moja: zinamdai nini mwanamke kabla hazijamlinda? Kazi ya ushauri nasaha imenifanya niamini kwamba jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama bidhaa itatumika.

Kondomu ya kike ilibuniwa na daktari wa Denmark, Lasse Hessel, katika miaka ya 1980, na toleo lake la kwanza likaidhinishwa Marekani mwaka 1993. Toleo hilo lilikuwa la poliyurethini, aina ya plastiki ambayo huchakarisha inapojikunja, na malalamiko kuhusu sauti hiyo yaliifuata bidhaa kila ilikopelekwa. FC2, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009, imetengenezwa kwa nitraili, malighafi iliyo laini na kimya zaidi. Ni mfuko mwembamba wenye urefu wa takriban sentimita 17 na pete mbili. Pete ya ndani iko huru na kazi yake ni kusaidia kuingiza mfuko na kuushikilia juu ukeni. Pete ya nje imeungana na mdomo wa mfuko, nayo hubaki nje na kufunika sehemu ya mashavu ya uke. Mimi naiona pete hiyo ya nje kuwa fadhila kubwa, kwa sababu inafunika sehemu ya ngozi ambayo kondomu ya kiume huiacha wazi, na malengelenge ya sehemu za siri pamoja na kaswende huambukiza kwa kugusana ngozi kwa ngozi. Tena bidhaa hii haina mpira asilia, kwa hiyo anayepatwa na mzio wa mpira anaweza kuitumia bila hofu, na vilainishi vya mafuta, ambavyo huidhoofisha kondomu ya mpira, haviidhuru.

Nieleze kwa kina namna inavyovaliwa, kwa kuwa hapo ndipo wanawake wengi huikatia tamaa. Kondomu hutoka kwenye pakiti ikiwa tayari imepakwa kilainishi cha silikoni, nacho ni kingi. Pete ya ndani hubanwa kwa kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata mpaka pande zake zikutane na kuwa na umbo la namba 8, kisha husukumwa ndani ya uke, na mwishowe kidole huingizwa ndani ya mfuko ili kuisukuma pete ipite mfupa wa kinena na kukaa karibu na mlango wa kizazi. Mwanamke anaweza kuchuchumaa, kulala chali, au kusimama na kuweka mguu mmoja juu ya kiti. Kila mwili una mkao wake. Katika karatasi ya maelekezo haya yote ni mistari michache, lakini mikononi ni jambo jingine. Kwa utelezi wa kilainishi, pete iliyobanwa huponyoka vidoleni na kufyatuka, na nimeshuhudia chumba kizima kikiangua kicheko baada ya kondomu ya mfano kumponyoka aliyekuwa akiijaribu na kuangukia mapajani mwa jirani yake. Kicheko hicho kina manufaa, maana aliyekwisha kucheka mbele ya wenzake huuliza maswali ambayo asingethubutu kuyauliza. Aliye peke yake, huku mwenza wake akimsubiri, hana wa kucheka naye. Huitupa na kuamini kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya mwili kama wake.

Kwa hiyo siamini hukumu ya mtu aliyeijaribu mara moja akaiacha. Tafiti za utumiaji zimeonyesha mara kwa mara kwamba makosa hupungua sana baada ya matumizi machache ya mwanzo, na makosa yenyewe ni machache na yanafahamika: uume kupita kando ya mfuko badala ya kuingia ndani yake, au pete ya nje kuzamishwa ukeni. Yote mawili huzuilika mwanamke akiishika pete ya nje mwanzoni na kumwongoza mwenzake kwa mkono. Baada ya tendo, pete ya nje hukunjwa kwa kuizungusha ili majimaji yasimwagike, kisha kondomu huvutwa taratibu kabla mwanamke hajasimama, na hutupwa kwenye taka, kamwe si chooni. Hutumika mara moja tu, na haivaliwi pamoja na kondomu ya kiume, kwa sababu msuguano kati ya hizo mbili unaweza kuzichana au kuzitoa mahali pake.

Takwimu zinazotumika sana kuhusu ufanisi wake ni za kuzuia mimba. Kati ya wanawake 100 wanaoitegemea kwa mwaka mzima, takriban 5 hupata mimba ikiwa inatumika kwa usahihi kila mara, na takriban 21 ikiwa inatumika jinsi watu wanavyoitumia kwa kawaida, pamoja na kusahau na kukosea kwao. Kwa kondomu ya kiume idadi hizo ni 2 na 13. Wapo wanaozisoma takwimu hizi na kuhitimisha kwamba ya kike ni duni. Mimi nazisoma kwa namna nyingine. Pengo kati ya 5 na 21 halitokani na udhaifu wa nitraili. Linatokana kwa kiasi kikubwa na mafunzo ambayo mwanamke hakupewa, na mtoa huduma anaweza kulipunguza akiwa na kielelezo cha nyonga mezani na nusu saa ya subira.

Jambo la pili linaloiathiri ni mwenza. Kondomu ya kike inaitwa kinga inayoamuliwa na mwanamke, na ni kweli kwamba yeye ndiye anayeivaa, anaweza kuivaa mapema kabla ya tendo, na halazimiki kungoja uume usimame wala kumwomba mwanamume avae chochote. Lakini pete ya nje inaonekana na kuguswa. Haiwezekani kuitumia kwa siri, na anayempa mwanamke bidhaa hii huku akimwahidi kwamba mumewe hatajua anamwingiza hatarini. Inachokifanya ni kubadili mazungumzo: kwa wengine ni rahisi zaidi kusema “leo nitavaa mimi” kuliko kusema “vaa wewe”, kwa kuwa kauli ya kwanza haimtuhumu mtu wala haimtaki mwanamume abadili chochote mwilini mwake. Wanaume wengi hukubali upesi wakigundua kwamba haiwabani na kwamba nitraili hupitisha joto la mwili vizuri. Nimesikia pia wanawake wakisifu jinsi pete ya nje inavyowagusa mahali panapowapa raha, na ninashangaa kwamba sifa hiyo haiandikwi kwenye pakiti wala kutajwa na watoa huduma, kama kwamba mwanamke anayejikinga hana haki ya kufurahia.

FC2 haiko peke yake. Ipo Cupid, ambayo ina sponji badala ya pete ya ndani, na ipo Woman's Condom, ambayo mfuko wake umefungwa ndani ya kidonge laini kinachoyeyuka baada ya kuingizwa ukeni, hivyo tatizo la kuponyoka vidoleni limepunguzwa. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na China na kuchapishwa mwaka 2013 uliyalinganisha matoleo mapya, yakiwemo hayo mawili, na FC2, na ukaona kwamba hayakuwa na hitilafu nyingi kuliko FC2. Maana yake kwa mwanamke ni kwamba anaweza kuchagua kwa kufuata kinachomridhisha bila kuhofia kwamba anapoteza usalama. Inasikitisha kwamba mahali pengi hapewi chaguo hilo. Hukuta aina moja, akiikuta.

Kabla ya kuizungumzia pete ya dawa ni lazima niseme habari za jeli, kwa sababu hakuna bidhaa zilizotufundisha zaidi tofauti kati ya mwanamke kusema ameikubali bidhaa na mwanamke kuitumia. Hoja kwamba wanawake wanahitaji kinga wanayoweza kuitumia wao wenyewe iliandikwa kwa uwazi na Zena Stein, mtaalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya uenezi wa magonjwa, mwaka 1990, na miaka iliyofuata matumaini mengi yaliwekwa kwenye jeli za ukeni. Mwanzo ulikuwa mchungu. Nonoksinoli-9, dawa ya kuua mbegu za kiume iliyotarajiwa kuua pia virusi, iligunduliwa katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2000 kwamba inaongeza hatari ya VVU kwa wanawake wanaoitumia mara nyingi, kwa kuwa huuchubua utando wa uke. (Anayenunua vilainishi asome maandishi ya kwenye chupa, na akiliona jina hilo aache.) Mwaka 2010 ikaja faraja: utafiti wa CAPRISA 004 nchini Afrika Kusini ulionyesha kwamba jeli ya tenofoviri, moja ya dawa za VVU, iliyotumiwa kabla na baada ya tendo ilipunguza maambukizi ya VVU kwa asilimia 39, na ikapunguza pia maambukizi ya malengelenge ya sehemu za siri.

Kisha ukaja utafiti wa VOICE, uliowahusisha wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ambao walitakiwa kutumia jeli au vidonge kila siku. Walipoulizwa, majibu yao yalionyesha kwamba walikuwa wametumia takriban asilimia 90 ya dozi zao. Walipopimwa damu, dawa ilionekana katika chini ya theluthi moja ya sampuli, na matokeo ya mwaka 2013 yakawa kwamba hakuna bidhaa hata moja iliyowalinda. Wako waliosoma habari hiyo na kuwalaumu wanawake kwa kusema uongo. Lawama hiyo siikubali. Wanawake hao walieleza baadaye yaliyowazuia: hofu ya madhara, hofu ya kuonekana wana dawa za VVU na kudhaniwa wanaumwa, manung'uniko ya waume, na mashaka juu ya kitu ambacho hawakujua kama kina dawa ndani au hakina, kwa kuwa baadhi yao walipewa kisicho na dawa ili kulinganisha. Mtu anayekufuatilia kila mwezi, anayekutendea wema, na ambaye amekuuliza kama umetumia, ni vigumu kumjibu kwamba hukutumia. Utafiti wa FACTS 001, uliotoa matokeo mwaka 2015, uliongeza jambo ambalo mtengenezaji hawezi kuliona akiwa maabara: wengi wa washiriki walikuwa wasichana walioishi na wazazi au ndugu zao, na kwao kutia jeli ukeni kabla ya tendo na tena baada ya tendo, nyumbani ambamo mlango haufungiki wakati wote, lilikuwa dai zito mno. Jeli haikuwalinda wao pia.

Pete ya dapivirini ilitengenezwa kwa kuzingatia mafunzo ya aina hiyo, na nadhani hapo ndipo ubora wake ulipo. Ni ya silikoni, inanyumbulika, ina kipenyo cha karibu sentimita 5.6 na imebeba miligramu 25 za dawa ambayo hutoka polepole ukeni kwa mwezi mmoja. Mwanamke huiweka mwenyewe kwa namna inayofanana na ile ya pete ya ndani ya kondomu, isipokuwa hii haitelezi kiasi kile, kisha huiacha, naye huendelea na kazi, na hedhi, na tendo la ndoa, bila kuigusa mpaka siku ya kuibadilisha. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2016 zilionyesha kwamba hupunguza maambukizi ya VVU kwa asilimia 27 katika mmoja na 31 katika mwingine. Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kuiunga mkono mwezi Julai 2020, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwezi Januari 2021 kama chaguo la nyongeza kwa wanawake walio katika hatari kubwa.

Asilimia hizo ni ndogo na sitazipamba. Katika utafiti wa ASPIRE, ambao ndio ulioonyesha asilimia 27, wanawake wenye umri wa miaka 25 na zaidi walilindwa kwa asilimia 61, na wale wa miaka 21 na chini hawakuonekana kulindwa kabisa. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inafungamana na jinsi walivyoivaa. Pete ikitolewa usiku kwa kuogopa kwamba mwenza ataigusa, na ikarudishwa siku ya kwenda kliniki, haina kazi. Hata hivyo, katika utafiti wa baadaye uliowapa wasichana nafasi ya kuvijaribu pete na vidonge vya kila siku kisha wachague wenyewe, takriban theluthi mbili walichagua pete, na matumizi yao yalikuwa mazuri kuliko ilivyotarajiwa kwa umri wao. Walipewa chaguo, walipewa watu wa kuzungumza nao, na walijua kwamba kilichomo ni dawa kweli. Naamini mambo hayo matatu yaliwasaidia kuliko mabadiliko yoyote ya silikoni.

Kasoro kubwa ya pete, na lazima mwanamke aambiwe kabla hajaivaa, ni kwamba inahusu VVU peke yake. Haizuii kisonono, klamidia, kaswende, trikomona wala mimba. Sindano za kinga dhidi ya VVU nazo ziko hivyo hivyo. Kabotegraviri huchomwa kila baada ya miezi miwili, na lenakapaviri mara mbili kwa mwaka. Katika utafiti wa PURPOSE 1 uliotoa matokeo mwaka 2024, hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 waliopewa lenakapaviri aliyepata VVU. Hayo ni matokeo ya kushangilia, na kwa kipimo nilichokiweka, sindano mbili kwa mwaka ni dai jepesi kuliko yote, kwa kuwa haibaki pakiti ya kufichwa wala kitu cha kuguswa na mwenza. Nafurahi na ninahofu pia, kwa kuwa mwanamke aliyechomwa sindano anaweza kuambiwa, au kujiambia, kwamba amemaliza habari ya kujikinga.

Hajaimaliza. Kwa maambukizi ya bakteria, ambayo kwa wanawake wengi hayana dalili yoyote mpaka yafike kwenye mirija ya uzazi na kuiziba, kondomu ndiyo kinga iliyothibitika kwa wanaofanya ngono. Matumaini yaliwekwa kwenye doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, inayomezwa baada ya tendo, lakini utafiti uliofanyika Kenya kwa wanawake 449, uliochapishwa mwaka 2023, haukuonyesha kwamba iliwasaidia, na nywele zilizopimwa, ambazo huhifadhi alama za dawa iliyomezwa, zilidhihirisha kwamba wengi hawakuimeza. Ni somo lile lile la VOICE, miaka kumi baadaye. Chanjo dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, inafanya kazi nzuri, na msichana akiipata mapema ni bora zaidi, lakini ni kwa virusi hivyo tu.

Kwa sababu hiyo naipa kondomu ya kike nafasi ya kwanza, ijapokuwa ndiyo inayodai zaidi kwa mikono ya mwanamke. Ukiacha kondomu ya kiume, ni bidhaa pekee kati ya hizi inayozuia VVU, magonjwa mengine ya zinaa na mimba kwa pamoja, na aliye nayo hahitaji cheti cha daktari wala tarehe ya kliniki. Namshauri aichague mwanamke ambaye anaweza kuzungumza na mwenza wake japo kidogo, na yule ambaye kondomu za mpira humwasha. Kwa mwanamke ambaye kulitaja tu jina la kondomu nyumbani kunamletea kipigo, sitamsukuma. Kwake sindano ni bora, au pete ikiwa sindano haipatikani, na atafuatiliwa kwa vipimo vya magonjwa mengine kila anaporudi, hata kama hana dalili.

Kwa watoa huduma nina madai mahsusi. Wasimpe mwanamke kondomu moja ya kike na kumwambia akajaribu; wampe kadhaa, wamwache aingize ya kwanza akiwa peke yake nyumbani bila tendo lolote kusubiri, na wamwalike arudi kueleza. Wamuulize kuhusu kitasa cha mlango, watoto wanaolala chumba kimoja naye na mahali atakapoiweka pakiti, kwa sababu majibu ya hayo yanaeleza matumizi kuliko swali la kama ameipenda. Na akirudi na kusema hakuitumia, wamshukuru kwa kusema, kisha wamuulize ilikuwaje. Watengenezaji nao wapunguze kilainishi kwenye sehemu ya pete ya ndani ambapo vidole hushika, na wachapishe kwenye pakiti picha inayoonyesha mkono ukiishika pete ya nje wakati wa tendo, maana picha ya namna ya kuivaa ipo, na ya namna ya kuitumia bado naitafuta kila ninapofungua pakiti mpya.